National Wake: Mwamko au Matanga? Historia ya Santuri Moja ya Johannesburg

Muhula uliopita, katika kozi ya tafsiri, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi dogo ambalo sikulitarajia lingechukua kipindi kizima. Niliwaandikia ubaoni majina kumi ya vitabu, filamu na bendi za muziki kutoka nchi mbalimbali za Afrika, nikawataka wayatafsiri kwa Kiswahili bila kufungua kamusi. Jina la saba lilikuwa National Wake. Wengi waliandika "Mwamko wa Taifa", wakaendelea na jina la nane. Binti mmoja aliandika "Matanga ya Taifa". Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Alisema kwao, mtu akifa, watu hukesha na maiti usiku kucha, na neno alilofundishwa shuleni kwa mkesha huo ni hilo hilo lililoandikwa ubaoni. Ndipo kijana mwingine, mzaliwa wa kijiji cha wavuvi, akainua mkono na kusema kuwa neno hilo lina maana ya tatu: ile alama ya maji inayobaki nyuma ya mtumbwi unapopita.

Wote watatu walikuwa sahihi. Niliwaambia kuwa bendi iliyojiita hivyo ilipiga muziki Afrika Kusini katika miaka ambayo taifa lilikuwa likiamka na kuzika kwa wakati mmoja, na kwamba bendi hiyo ilitoa albamu moja tu, mwaka 1981. Wakataka kujua zaidi. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa walimu wenzangu ambao, kama mimi, huenda hawakuwahi kufikiri kuwa muziki wa panki unaweza kumhusu mwalimu wa lugha.

Nianze na neno panki lenyewe. Kwetu Afrika Mashariki neno hili liliingia kwa mlango wa kinyozi: vijana wa mijini walinyoa panki, wakaacha nywele katikati ya kichwa na kuzipunguza pembeni, na wazazi wakalalamika. Wengi waliokaa kwenye kiti cha kinyozi hawakujua kuwa mtindo huo ulitokana na muziki. Katika Kiingereza neno lenyewe lina historia chafu. Enzi za Shakespeare lilimaanisha malaya. Baadaye likawa tusi la kumwita kijana asiye na maana, mhuni, mtu wa kutupwa. Mnamo 1976 na 1977 vijana wa London waliokosa ajira walilichukua tusi hilo wakalivaa kama shati. Muziki wao ulikuwa wa haraka, wa kelele, wenye nyimbo fupi, na sifa yake kuu ilikuwa kwamba mtu hakuhitaji ufundi mwingi wala vyombo vya bei kubwa ili aupige. Bendi ya Sex Pistols ilitoa mwaka 1977 wimbo wa kumdhihaki Malkia wa Uingereza, BBC ikaukataa, na bado ukapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya mauzo. Bendi ya The Clash ilichanganya kelele hizo na reggae ya Jamaika, kwa kuwa vijana weusi na weupe wa London walikuwa wakisikiliza santuri hizo hizo katika mitaa ile ile.

Huko London, Mzungu na mtu mweusi kupanda jukwaa moja kulikuwa ni msimamo. Kulikuwa hata na vuguvugu maalumu la wanamuziki dhidi ya ubaguzi wa rangi, lililoanza 1976 na kukusanya umati mkubwa katika bustani ya Victoria Park mwezi Aprili 1978. Msimamo huo ungeweza kumletea mtu matusi, hata ngumi, kutoka kwa wabaguzi wa mitaani. Lakini waliopanda jukwaa pamoja waliweza kurudi nyumbani pamoja bila kuvunja sheria yoyote. Johannesburg mambo yalikuwa mengine.

Kwa wanafunzi waliozaliwa baada ya 1994 inabidi kueleza. Utawala wa Makaburu ulioingia madarakani mwaka 1948 uliigawa nchi kwa sheria, na sheria hizo ziliingia mpaka chumbani. Mwaka 1949 ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine zilipigwa marufuku. Mwaka 1950 kila raia aliandikishwa kwa rangi yake, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya maeneo, iliyoamua nani aishi mtaa gani. Mtu mweusi alitakiwa kutembea na pasi, kile ambacho wazee wa Kenya wangekiita kipande, na kama hakuwa na kibali hakuruhusiwa kukaa katika eneo la mji kwa zaidi ya saa 72. Soweto, ambayo sisi huitamka kama jina la kale la Kiafrika, ni ufupisho tu wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Ni jina la ofisini. Lilianza kutumika rasmi mwaka 1963 kwa ajili ya mahali walipowekwa watu waliohitajika mjini mchana na wasiotakiwa usiku.

Sisi walimu wa lugha tunapaswa kuikumbuka Soweto kwa sababu nyingine. Maandamano ya wanafunzi ya tarehe 16 Juni 1976 yalianza kwa suala la lugha ya kufundishia. Serikali ilikuwa imeagiza mwaka 1974 kwamba katika shule za Waafrika nusu ya masomo yafundishwe kwa Kiafrikana, yaani Kikaburu kama wazee wetu walivyozoea kukiita, na miongoni mwa masomo hayo yalikuwemo hisabati na maarifa ya jamii. Walimu wengi hawakukijua vizuri. Wanafunzi walikiona kuwa ni lugha ya askari na ya karani wa pasi. Waliandamana wakiwa wamevaa sare za shule, polisi wakafyatua risasi, na miongoni mwa waliokufa siku ile alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Tume ya serikali yenyewe ilihesabu vifo 575 katika miezi iliyofuata. Wengi tunaofundisha isimujamii hutaja tukio hili kama mfano wa siasa za lugha, tukaendelea na mada inayofuata. Mimi pia nimefanya hivyo kwa miaka mingi.

Maelfu ya vijana walivuka mipaka. Baadhi yao walifika Tanzania, wakasoma katika chuo cha chama cha ANC kilichojengwa Mazimbu, Morogoro, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, na kupewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Kwa hiyo watoto waliokimbia lugha moja ya kulazimishwa wakajikuta sokoni Morogoro wakijifunza Kiswahili kwa kununua nyanya. Hilo ni somo la makala nyingine. Hapa nataka tubaki na wale ambao hawakuondoka.

Wale waliobaki waliishi ndani ya kimya kilichopangwa. Televisheni ilianza Afrika Kusini mwezi Januari 1976 tu, kwa kuwa serikali ilikuwa imeiogopa kwa miaka mingi. Redio ilikuwa mikononi mwa shirika la utangazaji la serikali, SABC, na iligawanywa kwa rangi na lugha: Wazulu na idhaa yao, Wasotho na yao, Waxhosa na yao, kana kwamba watu hawa hawakukutana kila asubuhi kwenye treni moja ya kwenda kazini. Shirika hilo lilikuwa na kamati ya kupitia maneno ya nyimbo. Wimbo uliochanganya lugha mbili ulikuwa na taabu ya kupigwa redioni hata kama haukusema lolote la siasa, kwa hoja ya kulinda usafi wa kila utamaduni. Johnny Clegg na Sipho Mchunu wa kundi la Juluka, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1979, waliathirika kwa sababu hiyo, kwani waliimba Kizulu na Kiingereza ndani ya wimbo mmoja. Yaani kuchanganya msimbo, jambo ambalo wanafunzi wetu hulifanya kila siku kwenye korido, huko lilikuwa sababu ya kunyamazishwa. Na pale ambapo kamati iliukataa wimbo mmoja katika santuri, maktaba ya redio ililikwaruza wimbo huo kwa kitu chenye ncha ili mtangazaji asiweze kuupiga hata akitaka. Santuri zilizokwaruzwa namna hiyo bado zipo. Aliyetazama ile filamu ya 2012 kuhusu mwimbaji Rodriguez ameziona.

Magazeti nayo yalifungwa mdomo. Jeshi la Afrika Kusini lilipoingia Angola mwaka 1975, vyombo vya habari vya nchini vilizuiwa kuandika, na dunia ilijua habari za vita hivyo kabla ya akina mama waliowapeleka watoto wao vitani. Gazeti la The World, lililochapisha picha mashuhuri ya Sam Nzima ikimwonyesha Hector Pieterson amebebwa mikononi, lilifungiwa Oktoba 1977, mwezi mmoja baada ya Steve Biko kufa mikononi mwa polisi. Aliyetaka habari za nchi yake alilazimika kutega sikio redio za nje usiku, ikiwemo Radio Freedom ya ANC, iliyorushwa kutoka Dar es Salaam na miji mingine ya nchi zilizokuwa huru. Kuisikiliza lilikuwa kosa la kufungwa jela.

Katika hali hiyo, mwaka 1979, ilizaliwa bendi yetu. Ivan Kadey alikuwa Mzungu aliyesomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mpiga gitaa na mtunzi. Gary Khoza na mdogo wake Punka walitoka Soweto. Gary alipiga gitaa la besi na Punka alipiga ngoma, na wote wawili walikulia katika muziki wa soul na funk uliokuwa ukitamba vitongojini. Baadaye akajiunga mpiga gitaa Steve Moni, aliyetoka katika bendi ya panki ya Cape Town iliyoitwa Safari Suits. Waliimba kwa Kiingereza. Muziki wao haukuwa panki tupu: kulikuwa na reggae, kulikuwa na funk, na chini yake midundo ambayo msikilizaji yeyote wa kusini mwa Afrika angeitambua. Ikumbukwe kuwa hiyo ndiyo miaka ambayo reggae ilikuwa muziki wa ukombozi kusini mwa bara letu. Mwezi Aprili 1980, ng'ambo tu ya mto Limpopo, Bob Marley alipiga katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe katika uwanja wa Rufaro. Kwa kijana wa Soweto uhuru huo haukuwa habari ya mbali. Ulikuwa mwendo wa siku moja kwa gari, kama angepata hati ya kusafiria.

Sasa nifikie hoja yangu. Sisi walimu wa fasihi tumejizoesha kutafuta siasa ya kazi ya sanaa katika maneno yake. Tunampa mwanafunzi shairi, tunamwambia ataje dhamira, ataje mbinu, aandike aya ya ujumbe. Kwa mtindo huo tungechukua albamu ya National Wake, tukahesabu ni nyimbo ngapi zinataja dhuluma, tukaipa alama. Nadhani tungekosa sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Siasa ya albamu hii ilianza kabla ya neno la kwanza kuandikwa, kwa sababu ili wimbo wowote uwepo, hata wimbo wa mapenzi, watu hawa walihitaji kukaa chumba kimoja.

Na walikaa. Waliishi pamoja katika nyumba moja kwenye eneo la Wazungu mjini Johannesburg, jambo ambalo kwa akina Khoza lilikuwa kosa la jinai kila walipolala usingizi. Polisi walifika mara kwa mara. Fikiria maana yake kwa kazi ya kila siku ya mwanamuziki. Mazoezi ya bendi huchukua saa nyingi na huisha usiku, wakati ambapo mtu mweusi asiye na kibali hakutakiwa kuwepo mjini. Vyombo hubebwa garini, na gari lenye Mzungu na watu weusi wamekaa pamoja lilivuta macho katika kila kizuizi cha barabarani. Ukumbi wa Wazungu ulihitaji kibali ili mtu mweusi apande jukwaani, na kibali kingine kama watu weusi walitaka kuingia kusikiliza. Kwenda upande wa pili, Mzungu alihitaji ruhusa kuingia Soweto. Hakukuwa na mahali hata pamoja katika nchi hiyo ambapo bendi hii ingeweza kupiga mbele ya watu wake wote bila mtu fulani, ama jukwaani ama ukumbini, kuwa amevunja sheria. Walipiga katika vilabu vichache vilivyothubutu na katika vyuo vikuu. Walipiga pia vitongojini.

Hadhira yao ya Wazungu nayo ilikuwa na mzigo wake, na si haki kuisahau. Kijana Mzungu wa kiume alilazimika kwenda jeshini, na tangu 1977 muda wa utumishi huo ulikuwa miaka miwili. Aliyekuwa akirukaruka mbele ya jukwaa leo angeweza mwakani kuwa mpakani mwa Namibia na bunduki, au juu ya gari la deraya ndani ya Soweto, akitazamana na jirani wa mpiga ngoma aliyemshangilia. Silinganishi mizigo hiyo. Nasema tu kwamba wote waliokuwemo ukumbini walijua kitu kinachowasubiri nje ya mlango.

Sina maana kwamba maneno hayana uzito. Wimbo wao unaojulikana zaidi, "International News", unahusu jambo lile lile nililolieleza, yaani blanketi la kimya lililofunikwa juu ya machafuko ya vitongojini na juu ya vita vya Angola. Kwa mwalimu wa lugha hapa pana jambo la kuvutia. Wimbo huu haukufanya kazi ya habari. Hauwaambii watu waliokufa ni wangapi wala wapi. Unalalamikia kuondolewa kwa habari, na kwa kulalamika unamfahamisha msikilizaji kuwa ipo habari aliyonyimwa. Kamati ya udhibiti inaweza kufuta jina la mtu au idadi ya maiti. Inapata taabu kufuta wimbo unaosema kwamba kuna kitu kimefutwa. Washairi wetu wa mwambao waliijua hila hii zamani, wakaitia katika mafumbo. Lakini vijana hawa hawakutumia fumbo. Walisema kwa sauti ya juu, haraka, kwa Kiingereza chepesi ambacho mtoto wa shule angeweza kukishika. Nikiulizwa, hapo ndipo panki iliwafaa. Fumbo linahitaji msikilizaji mwenye utulivu na muda.

Lipo swali ambalo mwanafunzi mmoja aliniuliza, nami sitalikwepa: kwa nini Kiingereza? Ikiwa watoto wa Soweto walikufa kwa kukataa lugha ya mtawala, mbona akina Khoza waliimba kwa lugha ya mkoloni mwingine? Jibu rahisi ni kwamba ndiyo lugha waliyoishirikiana wanabendi wote. Lakini pia tukumbuke kuwa katika hali ya Afrika Kusini ya wakati ule lugha za Kiafrika zilikuwa zimetekwa na sera ya kutenganisha. Serikali ndiyo iliyokuwa ikisisitiza kwamba kila Mzulu abaki na Kizulu chake katika idhaa yake na katika jimbo lake. Kwa hiyo kuimba Kiingereza kulikuwa njia mojawapo ya kukataa kuwekwa katika kisanduku. Juluka walichagua njia nyingine, ya kuvichanganya visanduku. Sioni sababu ya kuwapima kwa mzani mmoja. Sisi tunaofundisha Kiswahili kama lugha inayounganisha makabila tunapenda kusahau kuwa bahati yetu ya kuwa na lugha isiyo ya kabila moja ni bahati, si akili zetu.

Albamu ilitoka mwaka 1981 ikiwa na jina la bendi tu, National Wake, na ilitolewa na kampuni ya WEA, tawi la kampuni kubwa ya kimataifa. Moja ya nyimbo zake inaitwa "Wake of the Nation", na kwa maoni yangu hapo ndipo binti yule wa darasani anapata ushahidi wake. Kuligeuza jina namna hiyo, taifa likaja mwisho, kunalifanya lisikike zaidi kama tangazo la msiba kuliko wito wa kuamka. Lakini muziki wenyewe haulii. Unakimbia. Nimeisikiliza albamu hii mara nyingi sasa, na bado maana zote mbili zinanijia kwa pamoja.

Mapokezi yake yanasimuliwa kwa sentensi chache, na ufupi huo ndio msiba wake. Inakadiriwa kuwa ziliuzwa nakala 700 hivi. Kisha, kwa shinikizo la serikali, albamu ikaondolewa madukani. Hapakuwa na redio ya kuipiga. Kufikia 1982 bendi ilikuwa imevunjika. Hakuna aliyelazimika kuwapeleka mahakamani ili kuimaliza. Ilitosha kuwachosha: hodi ya polisi, kibali kilichokataliwa, ukumbi uliofungwa, santuri isiyoonekana rafuni. Wanafunzi hupenda habari za msanii aliyefungwa jela, kwa kuwa zina shujaa na zina tarehe. Udhibiti wa aina hii hauna tarehe ya kukariri.

Nje ya nchi nako mlango haukuwa wazi. Mwezi Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitaka dunia isusie utamaduni wa Afrika Kusini ya ubaguzi. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa mgomo huo ulikuwa wa haki na kwamba ulisaidia. Lakini mgomo ni chombo kizito, haubagui kwa urahisi kati ya msanii wa serikali na msanii anayewindwa na serikali hiyo hiyo. Ugomvi uliozuka mwaka 1986 juu ya albamu ya Paul Simon, Graceland, aliyorekodi na wanamuziki weusi wa Afrika Kusini, ulionyesha ugumu huo mbele ya dunia nzima. National Wake hawakupata hata nafasi ya kugombaniwa.

Miaka thelathini ikapita. Sheria ya pasi ilifutwa 1986, sheria ya maeneo ikafutwa 1991, uchaguzi ukaja 1994. Kadey alihamia Marekani na kufanya kazi ya usanifu majengo. Zile nakala chache zilizouzwa zikawa mali ya wakusanyaji wa santuri, watu wanaoweza kulipa fedha nyingi kwa kitu ambacho duka lilikuwa limekirudisha kwa aibu. Mwaka 2012 Keith Jones na Deon Maas walitoa filamu ya hali halisi iitwayo Punk in Africa, na National Wake wakawa na nafasi kubwa ndani yake. Mwaka 2013 kampuni ya Light in the Attic ya Marekani ilitoa mkusanyo uitwao Walk in Africa 1979-81, wenye nyimbo za albamu ile na nyingine ambazo hazikuwahi kutoka. Waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliusifu. Walishangaa kwamba bendi kama hiyo iliwahi kuwepo. Gary na Punka Khoza hawakuwepo kusoma sifa hizo, wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki.

Nakiri kwamba sifa hizo zilinipa shida kidogo. Ni rahisi kusifu ujasiri ukiwa umepita miaka thelathini na anayesifu hana mlango wa kugongwa usiku. Tena ipo hatari ya kuigeuza bendi hii kuwa picha ya kupendeza, weusi na weupe wanatabasamu pamoja, kama vile hilo lilikuwa lengo la mwanzo. Mtu akisikiliza nyimbo zenyewe hatasikia tabasamu hilo. Atasikia watu wenye haraka, na wenye hasira.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo la kazi, si zaidi. Tunapofundisha fasihi na jamii, au sera ya lugha, tusiishie kwenye tarehe 16 Juni. Tumchukue mwanafunzi hatua moja mbele, kwa wale waliokuwa na miaka kumi na kitu siku ile na walioshika gitaa miaka mitatu baadaye. Wimbo mmoja wa dakika chache unaweza kuchezwa darasani hata kwenye simu ya mwanafunzi. Kisha, kabla ya kuuliza dhamira, aulizwe maswali ya kawaida kabisa: wimbo huu ulifanyiwa mazoezi wapi? Nani alimpeleka mpiga ngoma nyumbani? Saa ngapi? Darasani kwangu swali la pili lilileta kimya kirefu kuliko swali lolote la dhamira nililowahi kuuliza.

Kuhusu tafsiri ya jina, hatukukubaliana. Tulipiga kura: "Mwamko wa Taifa" ilipata kura kumi na tisa, "Matanga ya Taifa" kumi na moja, na yule mvuvi akabaki na kura yake moja. Mwenzetu mmoja wa ofisi ya pili amependekeza "Mkesha wa Taifa", kwa hoja kwamba mtu hukesha msibani na hukesha pia akingoja kuche. Nimelipenda, ila wanafunzi wanasema linanukia kanisani. Mwenye pendekezo jingine alete kabla ya toleo lijalo, na alete pamoja na sababu zake.